RAV4 ya majina manne: Mkenya anunua gari Mbeya

Kadi ya usajili ilisema gari ni la mama mmoja wa Kinondoni. Aliyekuwa analiuza ni kijana wa Ilomba. Katikati yao walikuwepo fundi ujenzi wa Makambako na mwalimu wa Mbalizi, wote wawili waliwahi kulimiliki na kuliosha kila Jumamosi, na wote wawili TRA, mamlaka ya mapato inayosajili magari, haina habari nao. Aliyesimama mbele ya meza yangu akitaka kulilipia shilingi milioni kumi na moja na nusu alikuwa Mkenya, bwana shamba wa parachichi, ana mkataba wa kazi wa miaka miwili na kibali cha ukaazi daraja B.

Mimi si wakili. Niko kwa wakili, nachapa mikataba, napeleka karatasi TRA na kuzirudisha. Mauziano ya magari na pikipiki ndiyo yanayotulipia pango la ofisi, kwa hiyo visa vya kadi nimeviona vingi hadi nimezoea. Hiki nakieleza kwa sababu mnunuzi alikuwa mgeni, na ugeni wake ulinionyesha jambo ambalo sisi wenyeji tumekaa nalo miaka bila kuliona. Nimegeuza mambo mawili matatu ili wahusika wasitambulike. Nitamwita Mkenya, maana kila mtu alimwita hivyo, kuanzia dalali hadi mama ntilie wa jirani.

Alikuwa anakaa mtaa wa Forest hapa Mbeya, mashamba yake yako Rungwe. Barabara kuu haina shida: Uyole, Igawilo, unapanda milima ya Uporoto, unashuka Kiwira, umefika Tukuyu, lami mwanzo mwisho. Shida inaanza ukiacha lami. Rungwe ni kati ya wilaya zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, na mkulima wa parachichi hajengi kando ya lami kwa heshima ya bwana shamba. Mwaka wa kwanza alienda kwa bodaboda. Machi moja waliteleza kwenye utelezi wa Kiwira, yeye, dereva na miche kumi na mbili, akaapa kwamba pikipiki basi. Akaenda Kabwe, akapata dalali.

Dalali akamletea RAV4 ya 2003, ile tunayoiita Kili Time, namba C, rangi ya silva. Bei ya kuanzia milioni kumi na tatu.

Upande wa chuma Mkenya alicheza vizuri kuliko wateja wetu wengi. Alichukua fundi wake mwenyewe kutoka gereji ya Sae, si fundi wa dalali, wakakubaliana kulikagua saa kumi na mbili asubuhi. Ilikuwa Julai, na asubuhi ya Julai hapa mtu anaongea moshi unamtoka mdomoni. Fundi alipofika hakufungua hata mlango. Aliweka kiganja juu ya boneti: ya moto. Dalali akasema, "Nimeisogeza tu kidogo, bosi, ilikuwa imeziba njia." Fundi akafuta mikono. "Tutarudi kesho. Usiiguse." Injini ikiamshwa baridi ndipo inaposema ukweli wake: moshi, kelele ya mnyororo, kukohoa. Ukiipasha kwanza, umeshaitia maneno mdomoni.

Kesho yake iliwaka vizuri, kwa kweli. Walipanda nayo hadi Isyonje, wakashuka, geji ya joto haikucheza, mafuta ya gia hayakunuka kuungua, na kwenye kifuniko cha oili hapakuwa na ule urojo wa rangi ya chai ya maziwa unaosema maji yameingia. Lakini injini yenyewe ilikuwa 1AZ-FSE, D4 kwa lugha ya gereji, ambayo petroli hupuliziwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa. Injini hiyo inataka petroli safi na fundi anayeijua, na kwetu vyote viwili si vya kila kona. Tena ukoo wa 1AZ unajulikana kwa nyuzi za boliti za silinda hedi kulegea kwenye bloku, maji yakaanza kupotea polepole bila kuonekana yanakokwenda. Zipo RAV4 za umbo hilohilo zenye injini ya 1ZZ ya cc 1800, zinazovuta kwa magurudumu ya mbele tu. Hizo mafundi wanazipenda, ila matope ya Rungwe hayazipendi. Kwa sababu ya D4 bei ikashuka hadi kumi na moja na nusu. Mkenya akatoa kishika uchumba cha shilingi 500,000 mkononi mwa dalali, bila risiti. Kisha akaja kwetu kuchapiwa mkataba.

"Nipatie logbuku niione tena," aliniambia nilipomaliza kuisoma kadi. Nikamwambia hapa inaitwa kadi, nikamwonyesha jina. Alilitazama muda mrefu. Kwao Kenya uhamisho wa gari unafanyika kwenye akaunti ya mtandaoni: muuzaji anaanzisha, mnunuzi anakubali, na asiyekuwa kwenye rejista hana cha kuanzisha. Alidhani kijana wa Ilomba ni mtoto wa huyo mama.

Kijana alikuwa na bahasha. Ndani yake mkataba wa kwanza, mama na fundi ujenzi, wa wakili wa Dar, safi. Mkataba wa tatu, mwalimu na kijana, karatasi ya daftari yenye muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Mkataba wa pili, fundi ujenzi kwa mwalimu, haukuwepo. "Walielewana kwa mdomo," kijana akasema, "mwalimu ni mtu wa dini."

Nilipiga hesabu ya kawaida. Kila mauziano ni uhamisho mmoja: ada ya uhamisho shilingi 50,000, ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani, na kadi mpya. Ndiyo maana watu wanaruka. Mtu ananunua gari la milioni kumi, anaona laki na nusu na kitu ya kuhamisha jina ni hela ya matairi mawili, anasema atafanya mwezi ujao. Mwezi ujao analiuza. Tukaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini za polisi, zikatoka tatu hazijalipwa, na faini hizo humfuata mwenye gari wa sasa hata kama alitenda mwenye gari wa juzi. Hilo lilikuwa dogo, kijana akakubali kulipa.

Hapo ndipo dalali alipoanza kutoa suluhisho, na kila moja lina mafunzo yake.

La kwanza: mgeni haruhusiwi kumiliki gari, kwa hiyo liandikwe jina la Mtanzania anayemwamini. Sikumlaumu sana, nimewahi kulisikia hata kwa watu wenye digrii. Wanachanganya gari na ardhi. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 ndiyo inayomzuia asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Gari si ardhi. Mgeni anahitaji TIN, pasipoti na kibali kinachoonyesha anaishi hapa kihalali, basi. Mkenya alicheka: TIN alikuwa nayo tangu mwezi wa kwanza wa kazi, mshahara wake unakatwa kodi kila mwezi kwa namba hiyo. "Kumbe serikali inanijua kwa kulipa tu, kwa kumiliki hainijui?"

Hata hivyo mwenzake wa ofisini, mtu mwema wa Tukuyu, alijitolea jina lake kwa moyo mweupe. Mkenya alitaka kukubali. Nikamweleza kisa cha pikipiki moja iliyopita mezani kwetu. Mfanyakazi wa kujitolea kutoka Ulaya aliinunua kwa jina la rafiki yake wa Iringa. Rafiki akafariki ghafla. Ndugu walipokaa kuorodhesha mali za marehemu, pikipiki ikaandikwa baada ya ng'ombe na kabla ya redio, kwa haki kabisa, kwa sababu kadi ilisema ni yake. Hakuna aliyemdhulumu mwenzake pale. Yule kijana wa Ulaya aliondoka nchini anatembea kwa miguu.

La pili: "Endesha na kadi hiyohiyo, bosi. Mbeya nzima tunaendesha hivyo." Na hili ni kweli. Simama Mwanjelwa, hesabu magari kumi, uulize kadi, utashangaa. Mwenyeji anaendesha gari lenye jina la mtu asiyemjua kwa miaka sita na hakuna linalompata, na likimpata ana binamu, ana mjumbe, ana jirani wa muuzaji, ana muda. Jina lisilo lake kwenye kadi ni deni ambalo mwenyeji analilipa kidogo kidogo kwa kujuana. Mgeni hana hao watu, na zaidi ya yote ana tarehe. Kibali cha Mkenya kilikuwa na siku yake ya mwisho imepigwa muhuri. Siku hiyo lazima gari liwe limeuzwa au limevuka mpaka, na vyote viwili vinauliza jina.

Mpaka hasa. Alikuwa amepanga kwenda kwao Krismasi kwa gari, Dodoma, Arusha, Namanga. Alidhani Jumuiya ya Afrika Mashariki imeshamaliza mambo hayo. Jumuiya inamvusha mtu kwa urahisi, gari bado linavushwa kwa karatasi: kadi halisi, na kama jina si lako, barua ya mwenye gari kukuruhusu, pamoja na bima inayofanya kazi ng'ambo, ile kadi ya njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kadi ya njano ikabaki inatumika, moja ya mambo machache ambayo talaka haikuyagusa. Sasa barua ya ruhusa angeandikiwa na nani? Mama wa Kinondoni?

Suluhisho la tatu ndilo lililonifanya nifunge mlango wa ofisi. Dalali alisema kama kadi ndiyo tatizo, yeye ana Noah nzuri, milioni nane tu, "imebaki Tunduma". Anayeishi Mbeya anajua maana yake. Magari ya kwenda Zambia, Malawi na Congo yanashuka bandari ya Dar, yanaendeshwa na madereva wa IT, yaani wa magari ya kupita tu, usiku na mchana hadi Tunduma au Kasumulu. Yanapita nchini kwetu bila kulipiwa kodi za hapa, kwa dhamana kwamba yatatoka. Gari kama hilo likibaki upande huu, ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT asilimia 18 na mengine yote havijalipwa, na sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inaruhusu likamatwe popote lilipo, hata kama limebadilisha wenye mara tano na wa mwisho hana hatia. Likivalishwa namba ya gari lililokufa ajalini, ni kosa juu ya kosa. Mwenyeji aliyenunua gari la namna hiyo amepoteza gari. Mgeni amepoteza gari, na pengine kibali nacho. Nilimwambia Mkenya asiende hata kuliangalia. Alienda kuliangalia. Aliporudi alisema namba ya chasisi ilikuwa na mikwaruzo pembeni kama mtu aliyeandika, akafuta, akaandika tena.

Tukarudi kwenye RAV4 na kujaribu kuunga mnyororo. Namba ya simu ya mama ilikuwa kwenye mkataba wa kwanza, na, ajabu, ilipokelewa. Alikuwa mstaarabu sana. Alishasahau gari lile mpaka mwaka juzi yake polisi wa Iringa walipompigia kumuuliza kwa nini gari lake limegonga uzio wa mtu Ipogolo. "Ile ya silva?" akauliza. Ndiyo, ya silva. Nikamwomba asaini uhamisho moja kwa moja kwa Mkenya, tumalize. Nakiri nilisema hivyo, ndiyo njia ya mkato tuliyoizoea. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, unataka niandike nimemuuzia mtu nisiyemwona, kwa hela nisiyoipokea?" Wakili wangu alikuwa anasikiliza. Alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau. Mkataba wa mauziano ambayo hayakutokea ni uongo wenye muhuri, hata kama kila mmoja ananufaika.

Kwa hiyo ilibidi kila pingu ya mnyororo iungwe mahali pake. Mama alikuwa tayari. Mwalimu wa Mbalizi alikuwa tayari. Fundi ujenzi wa Makambako tulipompigia simu ilipokelewa na mkewe. Mume alifariki mwaka uliopita, na mirathi haijafunguliwa. Ili RAV4 ipite kwake kihalali, ukoo ukae, mahakama imteue msimamizi, msimamizi asaini kwa niaba ya marehemu kuthibitisha mauziano yaliyofanywa kwa mdomo na mtu wa dini. Kwa kijana wa Ilomba, aliyezaliwa hapa na atakayezeekea hapa, hiyo ni miezi kadhaa ya nauli za Makambako, inawezekana. Kwa Mkenya ilikuwa robo ya muda wake wote nchini.

Akaacha. Kishika uchumba alirudishiwa 300,000. Zile laki mbili dalali alisema ni mafuta na "usumbufu". Bila risiti hatukuwa na mdomo, na hapo kosa lilikuwa letu, maana alitoa hela kabla hajasoma kadi.

Wiki tatu baadaye tukampata mzee mmoja wa Iyunga, mstaafu wa reli ya TAZARA, anauza Suzuki Escudo ya milango mitano, cc 2000. Sura haikuwa ya kuvutia. Bampa limepasuka, siti ya dereva imekaa hadi imejichimba. Lakini mzee ndiye aliyeiagiza Japani mwenyewe, ndiye aliyeitoa bandarini, na kadi ilikuwa na jina lake peke yake. Tulipeleka namba TRA, jina likathibitishwa, hakuna zuio wala mkopo uliowekewa kadi. Bei milioni kumi na tatu, hapunguzi. Mkenya alikuwa analipa milioni moja na nusu zaidi kwa gari baya zaidi la sura, na hakuuliza mara mbili.

Ugumu ulikuja kwenye malipo. Tulipendekeza milioni kumi benki siku ya kusaini, tatu zilizobaki siku kadi mpya inatoka. Mzee aliweka kikombe chini. "Mwanangu, mimi nimefanya kazi reli miaka thelathini. Unaniona mwizi?" Mkenya, ambaye Kiswahili chake kikibanwa kinakuwa cha moja kwa moja, akajibu, "Hapana mzee, mimi naogopa karatasi, siogopi wewe." Ilibidi nirudie shikamoo mara ya pili na kueleza kwamba ni utaratibu wa ofisi kwa kila mteja, jambo ambalo halikuwa kweli hadi siku ile. Mkewe ndiye aliyeokoa jahazi. Alisema waandike, na yeye atasaini kama shahidi, ili kesho asitokee mtu kudai gari liliuzwa kwa siri. Kadi ilitoka kwa jina la Mkenya, herufi zote sawasawa na za pasipoti. Hilo nalo nilikagua mara tatu, maana herufi moja ikikosewa Mbeya, Namanga wanaiona.

Kitu ambacho sikukikagua ni rangi. Kwenye RAV4 tuliisoma kadi kama watu wanaotafuta mwizi, na rangi tuliiweka tiki. Kwenye Escudo tulikuwa tumeshalipenda lile jina moja, hatukusoma chini yake. Kadi ilisema nyeupe. Gari lilikuwa la bluu. Mzee alilipiga rangi miaka mingi iliyopita kwa sababu mkewe alichoka kuosha nyeupe kwenye vumbi la Iyunga, na hakuwahi kuona kama ni jambo la kuiambia TRA. Trafiki alimsimamisha Mkenya Uyole, akasoma kadi, akatazama gari, akasoma kadi tena. Nilipigiwa simu saa nne asubuhi niko foleni benki. Ilichukua siku nne kurekebisha taarifa na laki kadhaa za nauli na ukaguzi, ambazo ofisi yetu ilichangia nusu bila kuombwa.

Krismasi alikwenda kwao na kurudi. Namanga walimuuliza kadi, wakaitazama, wakamrudishia.

Mwezi uliopita alikuja tena. Kibali kinakwisha, kampuni inamhamishia Njombe kwa miezi mitatu kisha nyumbani, na Escudo anaiuza. Mnunuzi kapatikana haraka, mwalimu kijana wa sekondari, mchangamfu, kaja na hela yake kamili. Walikaa mbele ya meza yangu. Mwalimu alihesabu noti, akazisukuma, akasema kwa tabasamu, "Kaka, mambo ya TRA tusisumbuane. Wewe niachie tu kadi, nitabadilisha mwezi ujao."

Mkenya alizisukuma noti zikarudi upande wa pili wa meza.

"Jumatatu saa mbili, TRA," akasema. "Uje na TIN yako. Na gari ni la bluu, hata kwenye kadi."